Mshale Unaelekea Tumboni

Nyumbani kwetu watu wananijua kwa shikamoo. Kila asubuhi natoa tatu: ya Bibi, ya Baba, ya Mama. Baada ya hapo sauti yangu naiweka akiba mpaka kesho yake. Wageni wakija humuuliza Mama kwa kunong'ona kama nina shida ya koo. Mama huwajibu, "Hana shida, huyu anaandika." Ni kweli naandika. Nina kaunta buku ya kwaya mbili ninayoificha nyuma ya gunia la michembe, kwa sababu hakuna mtu anayelisogelea gunia la viazi vikavu mpaka njaa ije. Haya ninayoyasimulia nimeyatoa humo. Nimeruka tu kurasa zinazomhusu mvulana mmoja wa kidato cha nne, ambaye hana uhusiano wowote na ikolojia.

Yalitokea mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu. Tunaishi nje kidogo ya Kagongwa, mahali ambapo malori ya barabara kuu unayasikia lakini huyaoni. Siku hiyo mwalimu wetu wa baiolojia alianza somo kwa Kiingereza, akatutazama machoni, akaona hakuna mtu ndani, akahamia Kiswahili.

"Nyasi zinaliwa na nani?"

"Panzi!"

"Panzi analiwa na nani?"

"Kuku!"

"Kuku analiwa na nani?"

"Mgeni!" darasa zima likajibu.

Mwalimu alicheka mpaka akakalia meza. Kisha akaandika ubaoni hivyohivyo tulivyosema: nyasi, panzi, kuku, mgeni. Katikati akachora mishale, kutoka kwenye nyasi kwenda kwa panzi, kutoka kwa panzi kwenda kwa kuku. Mtu mmoja wa nyuma akalalamika kwamba mishale imegeuzwa, maana panzi ndiye anayezifuata nyasi, nyasi hazijawahi kumfuata panzi hata siku moja.

"Sikilizeni," mwalimu akasema, "mshale hauonyeshi nani kamfuata nani. Unaonyesha chakula kimeingia wapi. Mshale unaelekea tumboni. Mkisahau yote, hilo msilisahau."

Akaendelea kueleza kwamba ule mstari wa nyasi mpaka mgeni unaitwa mnyororo wa chakula, na kwamba mnyororo ni wa kuanzia tu. Kuku hali panzi peke yake. Anakula mchwa, anakula pumba, na ukigeuka anakula hata mboga aliyoianika mama yako. Panzi naye si halali ya kuku peke yake, wapo wengine wanaomtaka. Ukichora yote unapata utando, kama wa buibui, na ukiuvuta uzi mmoja huku, kuna mahali kule patatikisika.

Kazi aliyotupa ilikuwa ya wiki mbili: kila mmoja achore utando wa chakula wa nyumbani kwao, viumbe wasiopungua kumi, aonyeshe nani anamla nani, nani anamnyonya nani, nani wanagombania kitu kimoja na nani wanafaidiana. Msichana wa mbele akauliza kama tutasimama kuisoma mbele ya darasa. Mwalimu akasema hapana, ni ya kuandika tu. Nilitamani kumkumbatia huyo mwalimu. Badala yake nikachonga penseli.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Sikujua kumbe nyumbani kwetu kuna shughuli kiasi hicho. Asubuhi kuku walikuwa wakiwaendea ng'ombe waliolala zizini na kuwadonoa kupe kwenye masikio, na ng'ombe wakitulia kama wazee walioko kwa kinyozi. Nikaandika: wanafaidiana. Yangeyange wale weupe waliwafuata ng'ombe machungani wakidaka wadudu wanaorushwa na kwato, ng'ombe hawapati wala hawapotezi. Nikaandika: mmoja anafaidi, mwingine hana habari. Paka wetu na mbwa wetu walikuwa wakigombania vichwa vya dagaa. Nikaandika: ushindani, na anayeshinda siku zote ni paka. Dagaa wenyewe walinitesa, maana walitoka ziwani, sikujua kama utando wangu unaruhusiwa kufika Mwanza. Panya walikula michembe, paka alikula panya, lakini si wote, kwa sababu paka wetu anakula mpaka anapotosheka halafu anawaangalia panya wengine kama majirani. Mvua moja iliponyesha kumbikumbi wakatoka kwenye kichuguu, wakaliwa na kuku, na paka, na mbwa, na vyura, na ndege nisiowajua, na sisi pia, tumekaa na beseni la maji chini ya taa. Mshale mmoja wa kumbikumbi uligawanyika mara sita. Ulionekana kama ufagio.

Lazima niseme habari za mbwa. Mbwa wetu hana jina. Bibi anasema jina ni la mtu na la ng'ombe, mbwa anatosha kupigiwa mluzi. Aliletwa kutoka Tinde akiwa ndani ya tenga la nyanya, mdogo kuliko nyanya zenyewe, na tangu siku hiyo ameamua kwamba mimi ni mama yake. Hunisindikiza mpaka barabarani nikienda shule. Nikikaa na daftari, hukaa juu ya mguu wangu mpaka ufe ganzi. Maneno ninayosema kwa siku ni machache, na zaidi ya nusu yake yanaingia kwenye sikio la mbwa huyo. Ana kasoro moja kubwa kwa mbwa: anaogopa mbuzi.

Sasa, Mama alikuwa na matetea watatu waliotaga kwenye tenga bovu ndani ya jiko la nje. Alitaka mayai yafike kumi na mawili, amlalishe tetea mmoja ayaatamie, apate vifaranga. Kila jioni aliyatia alama ya mkaa. Yalikuwa yakifika matano, asubuhi yanarudi matatu. Yakifika sita, yanarudi manne. Mama akasema ni nguchiro. Baba akasema ni kenge, alimwona mmoja karibu na bwawa. Bibi akasema ni nyoka, tena nyoka wa namna hiyo akishazoea hafukuziki, bora kumzoea tu. Mimi niliandika wote watatu kwenye daftari, nikaweka alama ya kuuliza, nikafurahi kwamba viumbe wameongezeka.

Jumatatu ya wiki ya pili Baba akamkuta mbwa jalalani, ganda la yai limemng'ang'ania kwenye mdomo wa juu.

Kesi haikuchukua muda. Baba alisimama katikati ya uwanja, akatangaza kwamba mbwa akishaonja yai amekwisha, utamchapa, utamfunga, yai litabaki kichwani mwake. Akataka kumpa dawa wanayoitumia watu, ya kumng'atisha yai lililotoka jikoni likiwa moto wa kuunguza. Mama akakataa.

"Yaani yamepotea yote yale, halafu tumwongeze lingine?"

"Basi naongea na mwenye duara," Baba akasema.

Mwenye duara ni rafiki yake, ana shimo lake la dhahabu machimboni, upande wa Geita. Huko shimo ndilo linaloitwa duara. Alikuwa akitafuta mbwa wa kulinda viroba vya mawe visiibwe kabla havijafika kwenye karasha kusagwa. Mbwa aliyekuwa naye mwanzoni alitumbukia shimoni. Baba alisema hivyo kawaida tu, kama mtu anayeeleza kwamba balbu imeungua na inatakiwa nyingine. Akampigia simu palepale. Wakakubaliana Jumapili.

Mbwa wakati huo alikuwa amekaa kwenye mguu wangu. Nilitaka kusema kitu. Nilikitafuta kitu chenyewe, nikakipata, nikakiandika kwenye daftari: "Ganda si yai." Nikaliweka daftari nyuma ya gunia.

Ila neno hilo halikuniacha nilale vizuri. Ganda lilikuwa jalalani, na jalalani kinatupwa kilichokwisha kuliwa. Kama mbwa ndiye aliyelila yai, alilila jikoni, halafu akalibeba ganda akalitupa kwa adabu? Mbwa huyu ambaye hata mifupa anaiacha kitandani kwangu?

Jumatano jioni nikachukua majivu ya jikoni, nikayapepeta, nikayamwaga sakafuni kuzunguka tenga la mayai, laini kama unga. Nguchiro nitamjua kwa vidole. Kenge nitamjua kwa mkia. Mbwa nitamjua, nyayo zake ninazo mpaka kwenye sketi ya shule.

Alfajiri nikaenda kuangalia. Yai moja halipo. Na kwenye majivu palikuwa na nyayo, wazi kabisa, lakini hazikuwa na vidole wala kucha wala mkia. Zilikuwa za tairi. Mistari ya kashata, imejipanga vizuri, kama pikipiki ndogo sana imeingia jikoni, ikasimama mbele ya tenga, ikageuza, ikatoka. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Kisha nikaandika kwenye daftari:

"Mlaji: hajulikani. Miguu: miwili. Aina: ya magurudumu."

Nilipoinua macho, Bibi alikuwa anakatisha uwanja kwenda kuota jua, amevaa katambuga zake. Ni viatu vya tairi la gari, fundi alimkatia miaka mingi iliyopita, na Bibi amekataa vingine vyote, hata vile shangazi alivyomletea vyenye maua.

Nikafuta neno "hajulikani." Halafu nikalirudisha. Halafu nikafuta tena.

Msiomjua Bibi hamwezi kuelewa. Bibi ndiye sheria ya mayai nyumbani kwetu. Mwanamke akila yai atazaa mtoto mwenye upara: hilo nimelisikia kabla sijajua kuhesabu. Mama aliolewa akalikuta, akalitii. Kaka zangu walikula mayai mbele yangu, wakinionyesha kiini, na Bibi akiwatazama kwa upendo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na sijawahi kuweka yai mdomoni. Yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha kwamba hata harufu yake mwanamke mwenye akili anaikimbia.

Ijumaa tulitoka shule mapema. Nilipofika nyumbani hapakuwa na mtu uwanjani. Jiko la nje lilikuwa linafuka moshi. Nikachungulia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda na birika lake mbele. Hilo birika hakuna mwingine anayeligusa, tunaambiwa lina dawa ya magoti. Dawa ya magoti ilikuwa inachemka na ndani yake kitu kilikuwa kinagonga: ko, ko, ko. Bibi akalitoa motoni, akamimina maji pembeni polepole, akaliinamisha zaidi, na yai likamtelemkia kwenye kiganja.

Tukatazamana.

"Shikamoo Bibi," nikasema. Sikuwa na lingine.

"Malahaba, mayu." Mayu ndivyo anavyotuita wanawake wote wa nyumba, mkubwa kwa mdogo. "Umeona nini?"

Nikaangalia birika.

Wakati huohuo likapita gari la matangazo. Wiki ile kulikuwa na kampeni za uchaguzi wa kitongoji, na gari hilo lilikuwa halichoki. Spika ikapaza sauti juu ya paa zote: "Kumbuka ndugu mwananchi, kura yako ni siri yako!"

Bibi akainua kidole. Bibi hana r. Ana l moja, inafanya kazi zote mbili.

"Umesikia? Hata selikali inasema. Kula yangu ni sili yangu."

"Bibi, wanasema kura. Ile ya kupiga."

"Ndiyo hiyohiyo." Akaligonga yai kwenye ukingo wa birika. "Nimepiga."

Akalimenya kwa haraka ambayo sikujua vidole vyake vinayo. Akaniambia yalivyoanza: alipolazwa hospitali kwa malaria, nesi alimletea chai na yai, akaona aibu kulikataa mbele ya watu, akasema alionje tu kisha aliteme. Hakulitema. Tangu hapo, akasema, shetani wa mayai amemkalia begani. Maganda alikuwa akiyatwanga kwenye kinu kidogo, anayachanganya na pumba, anawapa kuku. Na kuku wakayala, wakataga mayai yenye maganda magumu, ambayo Bibi akayala. Nakiri kwamba hapo, kwa dakika moja, nilimsahau mbwa. Nilikuwa nauona utando ukijifunga mwenyewe mbele ya macho yangu, mzuri, bila kuachia hata uzi. Lile ganda la jalalani lilikuwa limemponyoka tu.

Kisha nikamkumbuka.

"Bibi, mbwa anachukuliwa Jumapili."

Taya la Bibi likasimama.

"Machimboni kuna nyama," akasema. "Wachimbaji wale wanakula nyama sana. Atanenepa."

"Atatumbukia."

"Ana miguu minne, atatumbukiaje? Mimi nina miwili na magoti haya, sijatumbukia popote." Akapangusa mdomo kwa upindo wa kanga. Akanitazama, na safari hii hakuwa anatania. "Mimi nimewakataza wanawake wa nyumba hii mayai miaka yote, mayu. Mama yako akijua, nitamtazama na macho gani? Wewe si msemaji. Ndiyo maana nakupenda."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya mtu aliyesifiwa vibaya.

Jumamosi nikaamua kutumia njia yangu. Nilinunua karatasi ya manila, nikachora utando wote upya kwa kalamu za rangi. Nyasi chini, ng'ombe, kupe, kuku, mchwa, panzi, panya, paka, kumbikumbi na ufagio wake, dagaa kutoka upande wa ziwa. Mbwa nikamchora akiwa na mishale mitatu tu: ugali, dagaa, kumbikumbi. Katikati nikachora yai. Na kutoka kwenye yai nikachora mshale mwekundu mpaka kwa Bibi, mwenye kanga na katambuga. (Mwalimu aliponirudishia kazi hiyo, alikuwa ameandika pembeni ya mshale huo: "Bibi anajua?") Nikaitandika karatasi kwenye meza ambayo Baba hunywea chai, nikajificha nyuma ya mlango na mbwa wangu.

Baba akaketi. Akaiona. Akavaa miwani.

"Mama!" akamwita Mama. "Njoo uone wanachofundishwa watoto wetu. Nyasi zinamla ng'ombe!"

Alikuwa anasoma mishale kinyume.

"Mchwa anamla kuku," akaendelea. "Panya huyu hapa, anamla paka. Panya wa wapi huyu? Dagaa anamla mbwa. Eh, na hapa, hapa ndipo pametia fora: yai linamla Bibi!"

Mama alikuja akacheka huku akishika kiuno. Bibi, aliyekuwa amekaa mlangoni, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Litavunjika meno," akasema. "Mimi ni mifupa mitupu."

Nilijitokeza kutoka nyuma ya mlango. Nilikuwa nataka kusema mshale unaelekea tumboni. Maneno matatu, mwalimu mwenyewe alitupa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni pumzi. Baba akanipiga begani kwa huruma, akaniambia nisikate tamaa, sayansi ni ngumu, hata yeye ilimshinda.

Jumapili, tuliporudi kanisani, mwenye duara alikuwa ameshafika. Mtu mrefu, vumbi la mawe limemkaa kwenye nyusi, pikipiki yake imefungwa kreti ya mbao nyuma. Tukamsalimu, akapewa kiti, akapewa maji. Akamwangalia mbwa. Mbwa akaenda kumlamba buti.

"Mkali huyu?" mwenye duara akauliza.

"Mkali sana," Baba akasema. "Wa mayai."

Mbuzi wa jirani akapita. Mbwa akaacha buti, akaja kujificha nyuma ya sketi yangu.

"Mzee, mbona kama anaogopa?"

"Anavizia," Baba akasema.

Mwenye duara akacheka, akasimama, akatoa kamba mfukoni. Akaipitisha shingoni mwa mbwa, na mbwa akadhani ni mchezo, akatikisa mkia, akanitazama nione jinsi alivyopendeza.

"Si yeye," nikasema.

Mwenye duara akageuka nyuma. "Nani kasema?"

"Amesema huyu!" Mama akasema, kama mtu aliyesikia kigoda kikiongea.

Baba akanikazia macho. "Si yeye nini?"

"Si yeye anayekula mayai, Baba."

"Ni nani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Bibi alikuwa amekaa palepale, mkono umeshika fimbo, macho ameyapeleka barabarani kama anasubiri basi. Nitamtajaje mama yake Baba, mbele ya mgeni, Jumapili? Mdomo ulikuwa umeshafunguka, haukutaka kufungwa. Nikasema kisayansi.

"Ni mlaji mwingine. Ana miguu miwili."

"Kipanga!" mwenye duara akasema, ameshaanza kuipenda kesi.

"Hana mabawa."

Nikaona Baba anahesabu viumbe wa nyumbani wenye miguu miwili wasio na mabawa. Kaka zangu wako shule za bweni. Mimi ndiye ninayesema. Yeye anajijua. Bibi haiwezekani. Macho yake yakatembea taratibu, yakatua kwa Mama.

"Mimi?" Mama akasema.

"Sijasema kitu," Baba akasema.

"Umeniangalia! Mbele ya mgeni! Mimi niyatie alama mwenyewe, niyale mwenyewe, halafu nilie mwenyewe?"

"Watu wana akili nyingi siku hizi," mwenye duara akachangia. Hakuna aliyemwomba.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemtoa mbwa kwenye kamba nikamtia Mama. Mama alishaanza kutafuta upindo wa kanga afute macho, na Baba alishaanza kutabasamu lile tabasamu la mtu aliyepata hadithi ya mwaka mzima. Ndipo fimbo ikagonga chini.

"Mwacheni mkwe wangu," Bibi akasema. "Mayai nakula mimi."

Kamba ikamponyoka mwenye duara.

"Mama, wewe?" Baba akasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili.

"Mimi. Ya kuchemsha."

Mama alikuwa amesimama mdomo wazi. "Mama, mimi nimezaa watoto watatu katika nyumba hii bila kuonja yai. Mimba zote tatu nayaota! Ukaniambia watakuwa na upara!"

"Wana upala?"

"Hapana..."

"Si unaona?" Bibi akasema. "Ungekula wangekuwa nao."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshamaliza kuzaa. Nitampa nani upala?"

Mama alijaribu kukasirika. Nilimwona akijaribu, akikusanya uso, akiupeleka pale unapotakiwa. Kisha kikamtoka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha kukaa chini, cha kushika ukuta. Baba akaanza. Mwenye duara akaketi tena kwenye kiti chake akijifuta machozi ya vumbi, akasema basi nipeni Bibi, mzee, mtu anayeweza kuiba kimya hivyo wiki mbili ndiye anayejua wezi wanapitia wapi, viroba vyangu vitakuwa salama.

"Kuna nyama huko?" Bibi akauliza.

Baba ndiye aliyeitoa kamba shingoni mwa mbwa. Hakusema samahani, baba zetu hawasemi, lakini alimkuna nyuma ya sikio kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaniuliza, bila kunitazama, ile mishale basi inasomwaje. Nikamwambia. Akaenda ndani kuichukua manila, akairudia yote upya kwa kidole, akiguna. Mwenye duara akaondoka na kreti tupu.

Jioni Mama alichukua mayai yote yaliyobaki kwenye tenga, akasema kuku watataga mengine, akayachemsha kwenye birika la Bibi bila kuomba ruhusa. Tukala mezani, wote, sahani moja katikati. Bibi alikula taratibu, amenyooka, kwa mara ya kwanza bila kuangalia mlango. Mama alikula matatu, amefumba macho, na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Mimi nikapewa langu, la kwanza maishani. Nililishika kama kitu cha mtu. Ule weupe ulikuwa sawa tu, hauna ladha ya kugombania. Kiini kiliponikauka mdomoni kama chaki, nikaona haya kulisema hilo, watu wote wale wakiwa wananitazama, baada ya yote yaliyotokea. Nikatabasamu, nikatafuna kidogo, na mkono wangu wa kushoto ukashuka chini ya meza peke yake, umebeba kiini kilichobaki.

Mbwa alikinusa kiini. Alikinusa tena, kwa uangalifu, kama kitu ambacho hajawahi kukutana nacho. Kisha kikatoweka. Akanilamba kiganja, akalamba kati ya vidole, akalamba mpaka kwenye kiwiko. Halafu akatoka chini ya meza, akaenda kukaa kwenye mlango wa jiko la nje, masikio yamesimama, akimtazama tetea wa Mama aliyekuwa anaingia tengani.